Injini Hubaki Njia Panda

Baba yangu alinipa msimu mmoja wa kahawa. Alisema ukiisha, na kama nyumba ya wageni niliyoifungua kwenye kiwanja cha marehemu mama kule Mutwanga bado ni mchezo wa watoto, atang'oa migomba na kusawazisha udongo, ili malori yake yapate mahali pa kulala yakitoka mpakani Kasindi. Hakusema kwa ukali. Baba hapandishi sauti anapoamua jambo. Hasira zote za ukoo wetu nilizirithi mimi.

Nilikuwa na haki ya kukasirika, ila sikuwa na haki ya kumshangaa. Baba ni mtu wa Butembo, na sisi watu wa Butembo tunajua kununua, kuuza na kujisifu, kwa mpangilio huo. Alikuja mjini kijana wa mikono mitupu kutoka Luofu, na leo ana malori matatu. La kwanza aliliwekea honi ya milio mitatu, na nilipokuwa mdogo nilikuwa naisikia tangu bondeni, nakimbia kufungua lango kabla hajafika. Kwake mtu aliyefanikiwa ni mtu asiyetembea kwa miguu. Mimi mwenyewe nilikula mkate wa magurudumu kwa miaka mingi: nilifanya kazi Kasindi, kwenye forodha, nikiandika hati za mizigo ya watu katikati ya moshi wa malori, wabadilishaji fedha wakinipigia kelele masikioni. Nilikuwa hodari. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli.

Mama alipofariki, nilikwenda Mutwanga kupalilia kahawa yake kwa majuma mawili. Kiwanja kilikuwa chake, alikirithi kwao, lakini baada ya kifo chake kila mtu nyumbani alijua kuwa neno la mwisho ni la baba. Asubuhi ya tatu mawingu yalifunguka na mlima unaosimama juu ya Mutwanga ukajitokeza wote, mpaka kule juu kwenye mawe. Mama alizoea kunionyesha weupe wa theluji kutoka uani pale pale, ananishika kidevu na kunigeuza uso. Sasa weupe ule ulikuwa umebaki kitambaa kidogo tu. Nilisimama na jembe mkononi nikalia kwa uchungu, kisha nikaona aibu, kwa maana moshi nilioupa hati pale mpakani haukuwa mdogo. Majuma mawili yakapita. Sikurudi Kasindi.

Wazo la kupokea wageni halikuwa la kisomi. Nyumba ya mama ina vyumba vitatu, mlima uko pale, na Mutwanga kuna umeme unaotokana na maji yanayoshuka kutoka mlimani, kwa hiyo taa zangu hazihitaji jenereta. Nilijenga jiko la udongo linalokula kuni kidogo, kuni za mikaratusi yetu wenyewe, kwa sababu makaa yanayouzwa sokoni nayajua yanatoka wapi: yanatoka kwenye msitu wa hifadhi. Chakula ni cha bustani na cha majirani. Wageni nilioanza kuwatafuta hawakuwa watu wa kushuka kwenye ndege. Niliwataka watu wetu, walimu, wauguzi, wanakwaya, maharusi wa Butembo na Beni ambao wameuona mlima huo kwenye kalenda tu. Nani alisema mtu lazima avuke bahari ndipo aitwe mtalii?

Sheria ya kwanza, nayo ndiyo iliyonijengea jina, sikuitunga mimi. Ni ya wanawake majirani. Kutoka njia panda ya barabara ya Kasindi hadi kwangu ni mwendo wa saa moja na nusu, na njia nzima wanaanika: mihogo kwenye mikeka, kahawa kwenye vitanda vya miti. Gari likipita, vumbi linatua juu ya vyote. Nilipowaomba wanisaidie kupokea wageni, jirani yangu mkubwa kwa umri, ambaye shamba lake ndilo la kwanza ukitoka njia panda, aliniuliza swali moja tu.

“Bageni bako batakuya na nini?”

“Na gari, mama. Ao na piki.”

“Basi hapana kukuya. Mutu akitaka kukula kahawa yetu pamoja na vumbi, aende akakunywe ya mu hoteli.”

Tukakubaliana hivi: injini hubaki njia panda. Mgeni anatembea, mzigo wake unabebwa na waliompokea, na kila shamba linamkabidhi kwa shamba linalofuata. Anayechoka anakaa, anapewa ndizi, anaendelea. Nilidhani nitakosa watu. Sikuwajua watu wangu.

Wageni wa kwanza walikuwa walimu wanne wa shule moja ya Butembo, na hapo ndipo tulipofanya kosa ambalo nadhani lingeweza kufanywa na sisi tu. Kwetu mgeni hasemi kwaheri mlangoni. Anasindikizwa. Na anayesindikiza hageuki kwa hiari yake, hiyo ni sawa na kumfukuza mtu, anangoja mgeni mwenyewe aseme, “Asante, murudie hapa,” yaani geukeni hapa mrudi kwenu. Mgeni naye, akiwa amelelewa vizuri, hasemi neno hilo mapema, maana atadhaniwa kachoka na watu. Sasa weka pamoja wanawake kumi na wawili wa Mutwanga na walimu wanne wa Butembo, wote wamelelewa vizuri kupita kiasi. Mimi nilibaki kufua mashuka. Walipita daraja la miti lililo kati ya kwangu na njia panda. Walipita njia panda, ambako teksi ya walimu ilikuwa inawangoja, na dereva akaifuata ile safu ya watu polepole kama gari la maiti. Kila upande ulikuwa unangoja upande wa pili. Mvua ikawakamata wote karibu na kijiji kinachofuata, wakajazana ndani ya kanisa la Waprotestanti, wanawake wa Kikatoliki wakiwa na mikungu ya ndizi vichwani, na mchungaji akafikiri ni ibada.

Wanawake walirudi jioni wamelowa, nikawagombeza wote kama watoto. Jirani yangu mkubwa alikamua kitenge chake, akaniambia, “Bo njo balikataa kusema. Siye tungefanya nini?”

Niliwaza kwamba hao walimu hawatakanyaga tena kwangu. Kumbe walifika Butembo wakasimulia shuleni, kanisani na sokoni, na kila aliyepiga simu baada ya hapo aliniuliza kitu kile kile, kwanza kwa haya, kisha bila haya: “Na sisi pia mutatusindikiza?” Watu hawa wanatoka mji ambao kila mtu anakimbilia mzigo wake. Na barabara zetu, tuseme ukweli, zimezoea msafara mmoja tu, ule wa magari yanayotanguliwa na askari, siku za hofu. Ziko siku barabara ilifungwa nikapika chakula cha wageni ambao hawakuja, nikawaita majirani tukakila kimya. Kwa hiyo mtu akisindikizwa na wanawake wanaocheka, mikono yao ikiwa na ndizi tu, anakumbuka kitu. Tuliweka alama moja: daraja la miti. Hapo mgeni anaelezwa mapema kwamba anaweza kusema neno lake bila mtu kumwona mkorofi.

Msimu uliendelea hivyo. Maharusi walikuja, kwaya moja ilikuja ikaimba mpaka mbuzi wakazoea. Tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wangu wengi waliliomba jembe siku ya pili, wakachuma kahawa vibaya, wakafurahi. Nilikuwa najivuna, sikatai. Lakini kila nilipoona vitanda vya kahawa vinapungua punje nyekundu nilijua msimu unakwenda, na baba si mtu wa kusahau alichokisema.

Alipiga simu siku ya Ijumaa.

“Kesho niko Mutwanga. Nitaangalia ile kiwanja na macho yangu.”

Asubuhi nilishuka njia panda. Wanawake walikuwa wamesimama tayari, wamevaa vitenge vya Jumapili, na hakuna aliyefanya siri ya kile walichotaka kujua.

“Papa yako naye atatembea?” aliuliza jirani mkubwa.

“Mama, ule ni papa yangu.”

“Njo maana ninauliza. Sheria iko ya bageni bote, ao ya bageni ba maskini?”

Nilitamani ardhi ipasuke. Kwetu binti hamwambii baba yake shuka garini. Anaweza kumkatalia mume, anaweza kubishana na padri, lakini hilo hapana. Na huyu baba ndiye aliyeshika kiwanja mkononi. Nikimshusha, namtukana mbele ya watu na siku hiyo hiyo migomba inang'olewa. Nikimpitisha na gari lake, vumbi linatua kwenye kahawa ya wanawake walionibeba msimu mzima, na nyumba inakufa hata kama kiwanja kinabaki.

Gari lake jeupe likatokea, dereva akapunguza mwendo, akakata usukani kuingia njia yetu. Nikajikuta nimesimama katikati ya njia. Miguu ilikwenda yenyewe, mimi nilikuwa bado nafikiri.

Baba alishusha kioo. “Mama, panda,” akasema. Ananiita mama tangu utotoni, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake.

“Papa, gari inabakiaka hapa.”

“Gari ya nani?”

“Ya kila mutu.”

“Hata ya papa yako?”

Dereva alikuwa anausoma usukani kama gazeti. Nilisikia sauti yangu ikitoka ndogo kuliko nilivyopenda. “Hata ya papa yangu.”

Baba alinitazama. Sikuona hasira, niliona kitu kibaya zaidi, mshangao. Sijui tungekaa pale mpaka lini. Jirani mkubwa alikuja akapita mbele yangu, akainama kidogo kwa heshima, akanyoosha mikono miwili hadi dirishani.

“Papa, karibu. Utupatie saki yako tukubebee.”

Mgeni akiombwa mzigo wake hawezi kuunyima. Angekuwa anasema wenyeji ni wezi. Baba alijua hilo kuliko mimi. Alitoa mkoba, na mtu ambaye mkoba wake umeshatangulia hawezi kubaki amekaa garini. Adabu ndiyo iliyomshusha, si mimi. Akafuta viatu vyake vyeusi kwa kiganja, kazi bure, akaanza kutembea.

Kwenye kitanda cha kwanza cha kahawa jirani mkubwa alisimama. Shamba lake liko hatua chache tu kutoka barabara kubwa.

“Siye tunakujuwa, papa,” akamwambia. “Weye njo ule wa klaksoni tatu.”

Baba akapanuka kifua. Miaka ile alikuwa anapanda huku kubeba kahawa na ndizi kwa lile lori la kwanza. “Munaikumbuka?”

“Yee! Tutaisahau namna gani? Tukiisikiaka tu, mbio! Bamama na batoto, kukimbia kufunika kahawa. Sura yako hatukuionaka hata siku moja. Vumbi ilikuwa mingi.”

Alisema akicheka, bila sumu yoyote, na wenzake wakacheka. Baba hakucheka. Alichukua punje chache kitandani, akazigeuza mkononi, akazirudisha moja moja mahali zilipokuwa. Honi ambayo mimi niliikimbilia kufungua lango, wenzangu waliikimbia. Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo, na nilimwona yeye pia akifikiri kwa mara ya kwanza.

Njia nzima alikabidhiwa kutoka shamba hadi shamba. Alikaa mara mbili, akapewa ndizi, akaulizwa habari za Butembo. Kila mtu alimtazama usoni kwa udadisi wa miaka. Nyumbani hakuulizwa kitu mpaka amekula, kama inavyotakiwa. Alikula bugali wa mihogo, sombe la majani ya mihogo na maharagwe, akaongeza. Alikagua jiko langu, akagusa ukuta wa udongo, akawasha taa na kuizima akisikiliza kama kuna jenereta mahali. Jirani alipomwambia kuwa ni mto unaowasha, alisema “Mh,” basi.

Asubuhi mlima ulijitokeza. Namshukuru Mungu kwa hilo, maana siku nyingine hujificha juma zima. Nilimkuta uani na kikombe cha kahawa, kidevu juu.

“Mama yako alisumbuaka miye na hii mulima,” akasema. “Kila mara: simama uone. Miye niko na haraka, kamio ya klaksoni tatu inawaka.” Akanywa. “Nyeupe ilikuwa mingi?”

“Mingi, papa. Kufika pale kwa lile bega.”

Alitikisa kichwa. Nilitaka kumkumbatia, lakini hatujazoea hivyo. Baadaye, nikiwa jikoni, nilimwona nyuma ya migomba anapima udongo kwa hatua, upana kisha urefu, taratibu, midomo ikihesabu. Hivyo ndivyo anavyopima maegesho. Nimemwona akifanya hivyo Beni, Butembo, Kasindi. Niliosha vikombe ambavyo vilikuwa tayari safi, nikajiambia kwamba angalau nilimpa kahawa isiyo na vumbi.

Saa ya kuondoka wanawake walikuja, na tukashuka naye. Walimchangamsha, akawajibu. Alivua koti akalitundika begani. Tulifika daraja la miti, nikamweleza kama ninavyomweleza kila mgeni: “Papa, hapa mugeni anaweza kusema neno yake. Hakuna mutu atamuona mubaya.”

Alinisikia. Akavuka daraja bila kusema kitu.

Wanawake wakatazamana, wakavuka nyuma yake. Jirani mkubwa akaninong'oneza kwamba kama tutaishia tena kanisani, safari hii mimi pia nitalowa. Tukatembea hadi njia panda. Dereva akatoka mbio, akafungua mlango. Baba alisimama mbele ya mlango huo uliofunguliwa na hakuingia, na sisi tukasimama tunangoja, kwa sababu hakuwa ametuachilia.

“Nilitoka Luofu na miguu,” akasema hatimaye, akiwatazama wanawake na si mimi. “Na maharagi mu mugongo. Kila kijiji nililala, asubui batu balinisindikiza. Batu sijui hata majina yabo. Njo vile nilifika Butembo.” Akaliangalia gari. “Tangu nilinunua kamio, hakuna mutu alinisindikizaka tena.”

Nililia hadharani, mimi mwenye ulimi mrefu, na sikuona aibu safari hii.

Ndipo aliponigeukia, na sauti yake ilikuwa ile ile ya kuamua mambo. “Nilipima ile fasi nyuma ya migomba. Inatosha chumba moja. Utie dirisha upande ya mulima, na hapana kuweka ngazi, magoti yangu imechoka.” Kisha kwa dereva: “Bale ba Kasindi, ubaambie kamio zitalala kulekule.”

Aliwashika mikono wanawake mmoja mmoja, hadi wa kumi na mbili. “Wasingya, bamama,” akawashukuru kwa Kinande. “Sasa murudie hapa.”

Alipoingia garini dereva alipeleka mkono kwenye honi, kama alivyozoea kumpigia tajiri wake kwa heshima. Nilimwona baba akimzuia mkono. Gari likaondoka taratibu sana kando ya shamba la jirani mkubwa, na hakuna aliyekimbia kufunika kahawa.